Karatasi Niliyosaini Bila Kusoma

Mghoi mwanangu,

Umeenda kusukwa, na kwa jinsi ninavyomjua msusi wako na mdomo wake, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Nimeketi kwenye kitanda chako kwa sababu meza imejaa vitu vyako. Treni yako ni kesho, na sanduku limenenepa hadi itabidi tulikalie sote wawili ndipo lifunge. Mambo ya sweta, ya kula kwa wakati na ya kutoazima watu sabuni sikuandikii. Hayo nimekuimbia tangu uanze shule na hukuwahi kuyasikia, hutayasikia leo.

Nakuandikia jambo moja ambalo limenishinda kulisema kwa miaka minne, tukiwa tunakula sufuria moja. Ni lile la picha. Halikuwa kosa lako, na mimi nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Sitaki upande treni kabla hujalisikia kutoka kwangu.

Niache nianze mbali kidogo, kwa sababu ujinga wangu haukuanzia kwenye picha.

Ulipokuwa na miezi sita nilirudi kuuza mboga sokoni. Wiki za kwanza nilikulaza chini ya meza, ndani ya boksi, na leso juu ya uso wako kwa ajili ya nzi. Askari wa soko akasema watoto hawaruhusiwi pale. Nikamuuliza wanaruhusiwa wapi. Akasema hiyo si kazi yake. Ndipo nikakupeleka kwa mama mmoja nyuma ya magereji aliyekuwa akiweka watoto wa wafanyabiashara. Chumba kimoja, dirisha moja, mikeka, na watoto hata sikuwahesabu. Nilichopenda kwake ni kimya. Mtu anapita pale nje hasikii hata mtoto mmoja akilia, na mimi nikawa namsifu kwa wenzangu kwamba yule mama ana mkono mzuri.

Siku moja sukuma wiki ziliisha mapema nikaja kukuchukua saa sita. Nikawakuta mmelala wote, mchana ule wa joto, mkitoka jasho. Dirishani palikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi na kijiko kimoja. Nikakuinua, ukafungua macho, ukayafunga tena. Nikaelewa kile kimya kilitoka wapi.

Sasa nakuambia kitu ambacho hata nyanya yako hakijui. Kesho yake nilikurudisha pale pale. Na kesho kutwa. Nilikurudisha kwa miezi minne, nikijua. Nilikuwa nakubusu kwenye paji la uso mlangoni, nakukabidhi, naenda kuuza mboga. Jioni nakuita jina mara tatu ndipo ugeuke. Yule mama simchukii. Alikuwa amefungiwa pamoja na watoto wa watu kuanzia alfajiri, bila mkono wa pili, na alifanya alichojua. Ninaowachukia ni wale niliokuwa nawasikia kwenye redio sokoni wakisema mtoto ni hazina ya taifa. Nilikuwa nakata kabeji na kujiuliza hilo taifa liko wapi, lije likushike hata kwa saa tatu tu.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini, ulipokuwa na miaka kumi na minne na mradi wa serikali ukaja mjini, niliurukia kwa miguu yote miwili. Yule afisa unamkumbuka, yule wa kuvaa miwani juu ya kichwa mchana kutwa. Alisema mradi una mambo matatu: deikea, yaani nyumba ya kulelea watoto mchana, karibu na soko, kituo cha vijana chenye kompyuta na mshauri, na mafunzo ya kulinda watoto mtandaoni. Mimi nilisikia neno deikea, hayo mengine yakapita. Wakanichagua mwenyekiti wa komiti ya akina mama, na afisa akaniambia jengo likifunguliwa, mlezi wa kwanza atakuwa mimi. Wewe ulinicheka kwa sababu nilienda kujipima aproni hata kabla msingi haujachimbwa.

Kile kikao cha kwenye ukumbi wa kanisa nilikuja nawe uniandikie kumbukumbu, maana mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Unajua vikao vya huku kwetu. Kabla hata ya maombi karatasi imeshaanza kutembea: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Mtu anasaini huku anaongea na jirani, anaipitisha pamoja na kalamu. Usiposaini hukuja, hata kama umekaa pale kutwa, na soda utaisikia ikifunguliwa kwa wengine. Siku ile zilipita karatasi tatu na nilisaini zote. Ya tatu ilikuwa na maandishi mengi ya Kiingereza juu. Niliyaruka nikatafuta mstari. Nimesaini karatasi za vikao tangu niolewe, na sijawahi kusoma hata moja. Sijawahi kumwona mtu akisoma.

Halafu mpiga picha akakuita usimame mlangoni pa ukumbi. Ulikuwa na mistari niliyokusuka mwenyewe Jumamosi, na kwenye picha unacheka kwa sababu mimi nilikuwa nyuma yake nakubinulia midomo. Kile kicheko kilikuwa changu, Mghoi. Ulikuwa unanicheka mimi.

Wiki chache baadaye uso wako ulikuwa kwenye bango refu kuliko mlango, limefungwa kwa waya kwenye ua wa kiwanja cha deikea. Juu limeandikwa MLINDE MTOTO MTANDAONI. Chini ya kidevu chako, jina lako lote, shule yako, darasa lako. Na hivyo hivyo wakakuweka kwenye ukurasa wao wa mtandao, Voi nzima na dunia nzima ione. Watu waliotumwa kuja kutufundisha tusiweke majina ya watoto na shule zao mtandaoni! Nikikumbuka nashikwa na hasira hapa nilipoketi. Lakini siku ile sikukasirika hata kidogo, nisijisafishe. Nilisimama mbele ya bango nikalipiga picha, nikaituma kwa watu wa kwaya, kwa shangazi zako na kwa mteja wangu wa Mwatate. Nikaandika, huyu ni wangu.

Kisha mtu akakuandikia, akasema ni wa mradi. Alijua jina lako, shule yako na darasa lako. Ulimwamini, kwa sababu nani mwingine angeyajua hayo kama si watu wa mradi? Alisema umeshinda zawadi, anataka picha nyingine za bango jipya. Ulipoona picha anazotaka si za kuombwa mtoto, uliacha kumjibu ukaniletea simu jikoni. Ulifanya kila kitu walichowafundisha. Ulimwambia mtu mzima unayemwamini. Na huyo mtu mzima akakupiga kofi.

"Umefanya nini ndio akutafute?"

"Sijafanya kitu, mama."

"Wasichana wote wa Voi, akuone wewe tu?"

Baadaye, ukiwa umejifunika shuka, ukaniambia kwamba kabla ya kuja kwangu ulienda kwanza kituo cha vijana, maana kwenye bango lako mwenyewe waliandika "zungumza na mshauri wetu". Ulikuta kufuli. Mlinzi akakuambia, "Mshauri hajaandikwa bado. Kuna kompyuta tu, na hizo hata nailoni hazijatolewa. Kuja mwezi ujao." Mtoto wa miaka kumi na minne, na simu yenye uchafu ule mfukoni, anaambiwa aje mwezi ujao.

Mimi nilifanya nini? Nilimzuia yule mtu kwenye simu, halafu nikafuta kila alichoandika. Nilikuwa naona haya hata simu isikae nayo. Kwa kufuta nikafuta kitu pekee ambacho ningeweza kupeleka polisi. Kisha nikakupandisha bodaboda hadi Sagalla kwa nyanya yako, muhula mzima, ukawa unafuata maji badala ya kuwa darasani, na majirani nikawaambia nyanya anaumwa miguu. Nyanya yako, ambaye hajawahi kuumwa mguu maishani mwake.

Ofisini nilienda, usidhani sikwenda. Niliingia na hasira zangu zote. Yule afisa akanisikiliza huku anaangalia simu, akafungua faili, akatoa ile karatasi ya tatu.

"Mama, hii ni sahihi yako ama si yako?"

"Ni yangu."

"Basi. Ulikubali picha itumike. Na mtoto tulimfundisha asiongee na watu hajui. Hapo mzazi ndiye anafaa kuongeza bidii."

Halafu akamwita msichana wa ofisi aniletee soda. Na akaongeza, kama mtu aliyekumbuka tu, kwamba majina ya walezi wa deikea yanapelekwa wiki ile.

Hapo ndipo nilipopotea. Nilikuwa na maneno mdomoni. Ningemwambia atoe picha hiyo mbele yangu, sasa hivi, au nikeshe pale. Badala yake niliifikiria ile aproni. Nikanywa soda yao mpaka mwisho, nikasema asante. Nilisema asante, Mghoi. Nimewahi kujichukia kwa mambo mengi, lakini ile asante bado naisikia nikiwa naosha mboga.

Jumapili iliyofuata nilipanda Sagalla. Ulikuwa umekaa kwenye jiwe karibu na mtungi, umenyoa nywele zote. Nilidhani ni chawa. Uliniuliza neno moja tu, "Wametoa?" Nikakujibu, "Wametoa." Hukuuliza tena, siku ile wala baadaye. Sijui kama uliniamini, au ulifungua ule ukurasa ukaona mwenyewe, ukaamua kwamba mama yako ni wa kusema tu.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukipika kwa ajili ya maombi yako ya kuagwa, nyanya yako aliniambia kwamba ni wewe uliyemwomba akunyoe. Akakuuliza kwa nini uziondoe nywele nzuri hivyo. Ukamwambia hutaki kufanana na ile picha. Yeye hakujua ni picha gani. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko, moshi ukanisaidia kulia. Miaka minne nimekuona na nywele fupi, muhula baada ya muhula, nikakutania kwamba unafanana na mjomba wako. Umenivumilia.

Hiyo deikea unaijua. Ilizinduliwa. Watoto wa chekechea waliletwa kwa basi wakakalishwa humo, wakapigwa picha na midoli, wakarudishwa na midoli ikarudishwa. Tangu hapo ndani hulala viti vya plastiki na mahema ya mikutano. Ukutani simba aliyechorwa bado anatabasamu. Wale akina mama wa sokoni walio na watoto wachanga bado wanawaficha chini ya meza, na yule askari ni yule yule, amezeeka tu.

Bango lilipasuliwa na upepo likatoweka, nikadhani limeishia jalalani. Mwaka huu nilikwenda Mraru kutafuta nyanya za kuuza, na kwenye boma moja nikaona banda la mbuzi. Paa lake lilikuwa wewe. Shavu moja lina tundu, mavi ya kuku kwenye paji la uso, na yale maandishi ya kumlinda mtoto yamekunjwa upande wa chini. Mwenye boma akaona ninavyokodoa macho.

"Hiyo ni turubai nzuri, mama," akaniambia. "Haivuji."

Sikumweleza. Nilirudi kesho yake na turubai mpya, nikambadilishia. Alinishangaa, akaniuliza kama niko sawa. Nililibeba bango lako kwenye gunia hadi nyumbani, nikaliosha ulipokuwa kwa shangazi yako. Lilikuwa chini ya kitanda changu mpaka leo.

Na Jumanne yule afisa alikuja. Ulikuwa umeenda Wusi kuaga marafiki. Alikuja hapa hapa nyumbani, miwani juu ya kichwa, kitambi kimeongezeka. Kuna mradi mpya. Watoto, vijana, usalama mtandaoni, wimbo ni ule ule, rangi ya fulana ndiyo imebadilika. Amesikia unaenda kusomea ustawi wa jamii, akafurahi sana. Anataka picha yako kwa kampeni ya vijana waliofanikiwa. "Huyu ni matunda yetu, mama," akasema. Matunda yao! Na deikea safari hii inafunguliwa kweli, na mlezi wa kwanza bado ni mimi, jina halijafutwa. Akaweka fomu mezani na kalamu juu yake.

Nilimwambia aiache nisome. Alicheka, akidhani natania. Nimeisoma siku mbili, na kamusi yako ya shule, neno kwa neno. Inasema picha yako itatumika popote, wakati wowote, kwa namna yoyote, na hutaweza kudai kitu. Ile ya kwanza nadhani ilisema hivyo hivyo.

Alhamisi alirudi. Nikamwambia atoe kwanza ile ya zamani ndipo tuongee.

"Ile page ilikuwa ya mradi wa kwanza," akasema. "Aliyekuwa na pasiwadi alihamishwa. Hata sisi hatuwezi kuingia."

Wamekuweka dirishani, mwanangu, wakapoteza ufunguo, wakaja kuomba picha nyingine. Na alisema bila hata kuona haya. Nikamwambia atoke kwangu. Akanikumbusha ile kazi, kwa upole kabisa, na mimi nikamkumbusha mlango ulipo. Nisikudanganye, ile kazi niliitaka. Bado naitaka. Mikono yangu imechoka na maji ya mboga, na najua ningewatunza watoto wale vizuri.

Picha bado ipo. Leo asubuhi nimefungua, ipo. Mtoto wa jirani alinionyesha mahali pa kubonyeza ili kuripoti, na kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni nabonyeza. Wananijibu kwamba wamepokea malalamiko yangu na wananishukuru. Nitaendelea kubonyeza ukiwa chuoni. Nakuambia mapema ili usiamini tena mtu akikuambia imetolewa, hata akiwa mimi, mpaka uone kwa macho yako.

Ulipochagua kozi hiyo nilikasirika, na hukujua kwa nini. Niliona unaenda kuwa mmoja wao. Sasa nimeifikiria upya. Siku moja wewe ndiye utakayesimama mbele ya akina mama kama mimi ukiwa na karatasi za kusaini. Watakuwa na haraka, mboga zinanyauka, wengine wana mtoto mgongoni. Watakunyoosha mkono uwape kalamu. Uisome kwa sauti, Mghoi, kwa lugha wanayoielewa, hata wakikunung'unikia. Mimi nisingekataa kusomewa. Hakuna aliyewahi kunisomea.

Leo mchana nimelitoa lile bango. Kwa kisu cha mboga nimekata maneno yao yote, nembo zao, jina lako na la shule yako, nikavikatakata na kuvitupa chooni. Uso wako ulinishinda. Nimeukunja, nimeuweka chini kabisa ya sanduku, chini ya viatu, pamoja na ile fomu mpya isiyo na sahihi. Una miaka kumi na minane na sahihi yangu haihitajiki tena mahali popote. Choma, tupa, weka, ni uso wako.

Nisamehe kofi. Nisamehe Sagalla, ile soda, na lile neno "wametoa". Hukufanya kosa lolote.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii katikati ya nguo ili uikute ukiwa mbali, mimi nisiwepo. Lakini nimesikia lango. Nimechungulia dirishani na nimekuona unaingia na mistari kichwani, mara ya kwanza tangu siku ile, na unaishika shika kwa kiganja kama mtu asiye na uhakika. Umependeza sana.

Siiweki kwenye sanduku. Njoo ukae hapa kitandani, karatasi hii nitakusomea mwenyewe.

Mama yako